Ualimu naupenda, digrii yake ndiyo inanipa mawazo

Ukitaka kujua kozi yako ina hadhi gani hapa chuoni, sikiliza sauti ya mtu aliyekuuliza unasoma nini. Wa sheria akijibu tu, tayari ni "wakili msomi". Wa udaktari hajamaliza hata mwaka wa kwanza, watu wanamletea vidonda vyao vya tumbo. Sisi wa Education tukijibu tunapata "Aah, ualimu!", kimya kidogo, halafu ile sentensi ya kufariji: "Si mbaya, ualimu ni wito."

Nina miaka 22, niko mwaka wa mwisho, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Imebaki miezi michache nivae joho. Haya ninayoandika tunayaongea kila siku kwenye foleni ya chakula na kwenye ngazi za hosteli, ila yakifika kwenye mikutano na wakuu tunakuwa wapole kama tumemwagiwa maji. Naona bora yakae kwenye jarida letu wenyewe. Msimamo wangu ni huu: kufundisha nakupenda, na nilipata uhakika huo nikiwa darasani na chaki mkononi. Ninachokitilia shaka ni namna digrii hii inavyotuandaa, na ahadi ya ajira ambayo wengi wetu tuliingia nayo.

Tuanze na ahadi. Tukiwa wakweli, ukisimamisha wana Education mia moja pale uwanjani na kuwauliza nani aliweka ualimu chaguo la kwanza, mikono haitakuwa mingi. Wengi tulishauriwa. Mimi nilimaliza kidato cha sita na HKL, nikawa nataka uandishi wa habari. Mjomba wangu akaniita, akaniambia, "Mama, uandishi utahangaika. Mwalimu halali njaa." Sikumbishia, maana ushauri wake ulikuwa na ushahidi. Kwa rika lake ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa unamaliza chuo, unasubiri majina yatoke, unaangalia umepangiwa wilaya gani, unafunga begi. Ulipokuja mpango wa MMES kuanzia mwaka 2004 na shule za kata zikaota kila kona, nchi ilikuwa inatafuta walimu kwa tochi. Pia kulikuwa na suala la mkopo, kwa sababu ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, ulikuwa kwenye kozi za kipaumbele. Familia zikapiga hesabu: mkopo upo, ajira ipo, unataka nini tena?

Sasa hesabu hiyo imebadilika, lakini ushauri umebaki uleule. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Zilivyorudi, zilirudi kwa mafungu, na wahitimu waliokuwa wanasubiri walikuwa wameshajaa mtaani. Leo hakuna kusubiri majina. Unaomba kwenye mfumo wa ajira, unaitwa kwenye usaili, unafanya mtihani wa kuandika, ukipita unakwenda wa mahojiano. Kwenye usaili wa walimu wa mwanzoni mwa mwaka 2025, nafasi zilizotangazwa hazikufika 15,000 na waombaji walikuwa zaidi ya laki mbili. Rudia kuisoma hiyo sentensi taratibu. Wapo kaka na dada zetu waliomaliza miaka saba au minane iliyopita ambao wamekaa kwenye chumba kimoja cha usaili na watoto waliomaliza jana.

Silalamiki kwamba kuna usaili. Kazi ya kukaa na watoto wa watu inastahili kuchujwa. Ninachosema ni kwamba hatukuambiwa. Wiki ile ya kupokelewa mwaka wa kwanza tulielezwa kuhusu maktaba, zahanati, mavazi yanayokubalika na tarehe ya mwisho ya kusajili kozi. Hakuna aliyesimama akasema: "Wanangu, ajira ya moja kwa moja haipo tena, kwa hiyo miaka hii mitatu itumieni hivi na hivi." Tungesikia siku ile, labda wengine wangejifunza kuandaa vitabu vya watoto, wengine wangeanza mapema kujuana na shule binafsi. Badala yake tumefika mwaka wa mwisho ndipo kila mtu anaulizana nani ana konekshoni ya tempo.

Mwenzangu wa chumbani anasoma uandishi wa habari, yaani ile kozi niliyoitaka. Huwa tunachekana. Yeye kila akienda kwao anaambiwa uandishi hauhitaji shule, ni mdomo na simu nzuri tu, eti kuna watangazaji hawana hata cheti na wana mashabiki nchi nzima. Lakini Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zimemtaka mwandishi awe na sifa za kielimu zisizopungua stashahada ndipo apate kitambulisho cha kazi. Kwa hiyo kazi yake watu wanasema haitaki shule, sheria inataka karatasi. Kazi yangu kila mtu anakubali inataka shule, na akishakubali ananiuliza mbona sikupata kozi nyingine. Usiku tukizima taa tunabaki na swali moja wote wawili: hii miaka mitatu inatupa ujuzi, au inatupa kibali tu?

Kwa upande wangu jibu ni gumu, kwa sababu vyote vipo. Nimekutana na wahadhiri ambao ukitoka kwenye kipindi chao unatembea unaongea peke yako. Saikolojia ya elimu imenifanya nimtazame mtoto msumbufu tofauti na nilivyokuwa nawatazama wenzangu wa sekondari. Falsafa ya elimu imenipa maneno ya kueleza vitu nilivyokuwa navihisi tu. Nisiwe mwizi wa fadhila.

Lakini jamani, tuangalie mhadhara wenyewe. Tuko zaidi ya mia nne ukumbini, wengine wamekaa kwenye ngazi, wa nyuma hawasikii. Kwenye slaidi kumeandikwa njia shirikishi: mwalimu asihubiri, mwanafunzi awe kiini cha somo, kuwe na majadiliano, kuwe na vitendo. Tunanakili. Saa mbili zinaisha, hakuna aliyeuliza wala kuulizwa. Kisha tunasoma habari za Paulo Freire, yule Mbrazili aliyepinga elimu ya kibenki, ambayo mwalimu anaweka maarifa kichwani mwa mwanafunzi kama mtu anayeweka hela kwenye akaunti, na siku ya mtihani anakuja kuzitoa. Nasi tunafanya nini? Tunatafuta desa la Freire, tunapiga msuli usiku kucha, tunaenda kumtoa Freire kwenye karatasi ya mtihani kama alivyowekwa. Ukimkariri vizuri unapata A. Mzee wa watu angetuona sijui angesema nini.

Yale mazoezi ya kufundishana darasani nayo ni vilevile. Unapewa dakika kama kumi, unasimama mbele ya wenzako watu wazima wanaojifanya kidato cha kwanza. Ukiuliza swali wote wanajua jibu. Hakuna aliyekuja bila kunywa chai, hakuna anayesinzia kwa sababu ametembea kilomita sita. Unamaliza, wanakupigia makofi ya kilo, unajiona umeiva.

Kisha inakuja BTP. Wiki nane. Hapo ndipo nilipoupenda ualimu, na hapohapo ndipo digrii yangu ilipoanza kunipa mawazo.

Nilikwenda shule moja ya kata mkoani Ruvuma. Kidato cha tatu walikuwa 94 kwenye chumba kimoja, madawati ya kubanana, vitabu vya Historia sita. Andalio langu la somo lilikuwa zuri kweli, limepigwa mistari kwa rula, dakika arobaini nimezigawa kama keki: utangulizi dakika tano, maarifa mapya kumi na tano, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. Kugawa karatasi za kazi za vikundi peke yake kulikula dakika kumi na mbili.

Mada ilikuwa jinsi Waafrika walivyoupokea utawala wa kikoloni. Tulifika Majimaji, 1905 hadi 1907. Nikafundisha kwa Kiingereza kama sera inavyotaka, maana lugha ya kufundishia sekondari bado ni Kiingereza. Nikauliza sababu za vita. Kimya. Nikauliza tena kwa maneno mepesi. Kimya, ila safari hii wakaanza kuangalia chini. Binti mmoja wa mbele akaniambia kwa huruma kabisa, "Madam, tunaomba utuambie kwa Kiswahili."

Nikawaambia kwa Kiswahili. Jamani! Tuko Ruvuma, mkoa ambao Makumbusho ya Majimaji yapo palepale Songea, mahali ambapo Nduna Songea Mbano na wenzake walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kijana aliyekaa ukuta wa nyuma, ambaye wiki tatu nzima sikuwahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono. Akaeleza alivyohadithiwa na bibi yake kuhusu njaa iliyokuja baada ya vita, mashamba na maghala yamechomwa, watu wanachimba mizizi porini. Mwingine akambishia kuhusu maji ya Kinjikitile: kwamba watu hawakuwa wajinga, walihitaji kitu cha kuwaunganisha makabila yasiyozoeana. Hiyo ndiyo hoja ambayo sisi tuliisoma chuoni kwenye makala za wanahistoria, na mtoto wa kidato cha tatu ameifikia kwa akili yake akiwa amekaa kwenye dawati bovu. Kengele ikalia hakuna aliyetaka kutoka.

Wiki mbili baadaye nikawapa jaribio, kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Yule kijana wa ukuta wa nyuma alipata 18 kwa mia.

Nilikaa na karatasi yake muda mrefu ofisini. Nilijua anajua, na kwenye kitabu cha maksi nikaandika 18. Mtaala tuliorithi tangu mwaka 2005 unasema tunapima umahiri. Umahiri wake niliuona kwa macho na kuusikia kwa masikio. Kwenye miaka mitatu ya digrii yangu sijawahi kupata kipindi kimoja kinachonifundisha nifanye nini na mtoto anayejua Historia kwa lugha ambayo mtihani hauijui. Nimefundishwa ngazi za Bloom, za mwaka 1956, na naweza kukutajia zote sita kwa mpangilio. Namna ya kumvusha mtoto kutoka Kiswahili chake mpaka Kiingereza cha mtihani bila kumvunja moyo, hiyo sikufundishwa. Walimu wenyeji wa shule ile wana mbinu zao, wanachanganya lugha kwa akili sana, wanaandika msamiati pembeni mwa ubao. Mbinu hizo haziko kwenye desa lolote.

Habari njema ni kwamba somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Ila masomo mengine mengi yamebaki palepale, na watakaoingia madarasani ni sisi.

Msimamizi kutoka chuo alikuja mara moja. Alikaa nyuma kama dakika ishirini, akapitia faili langu: azimio la kazi lipo, andalio lipo, nukuu za somo zipo, zana zipo. Akasema "Faili zuri, hongera," akawahi gari, maana siku hiyo alikuwa na shule nyingine nne. Simlaumu yeye, mtu mmoja kupewa wanafunzi walimu wote wale ni mzigo. Ila alama ya BTP kwa kiasi kikubwa ikawa alama ya faili. Na wote tunajua biashara iliyopo pale steshenari, ambako unaweza kununua azimio na maandalio yaliyokamilika, kazi yako ni kubadilisha jina la shule tu. Mfumo unaopima faili utapata mafaili mazuri.

Nikifika hapa kuna wenzangu hurukia hitimisho: basi digrii ya ualimu haina maana, ualimu ni kipaji, mtu yeyote anaweza kufundisha. Hapo nakataa kabisa, na nina historia ya nchi hii upande wangu.

Tumeshajaribu mara mbili kupeleka watu darasani kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilijiwekea lengo la kila mtoto kuwa shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Tuwape heshima yao, wengi walijituma na wazazi wetu walijua kusoma kupitia mikono yao. Lakini hata leo neno "mwalimu wa UPE" likitajwa kuna mtu atacheka, na kicheko hicho kilianza kwa sababu walipewa kazi kubwa kwa maandalizi madogo. Mara ya pili ni kipindi cha shule za kata, waliomaliza kidato cha sita walipopewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa sekondari. Watu wakawabatiza "Vodafasta", kama vocha ya kurusha. Baadhi yetu tulisikia kaka zetu wakisimulia masomo yao ya hisabati ya miaka hiyo. Anayelipa gharama ya mwalimu aliyeandaliwa kwa haraka ni mtoto wa shule ya kata, kwa sababu mwenye uwezo anamhamisha wa kwake.

Kwa hiyo mafunzo yanahitajika, na ya kutosha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisomea ualimu Makerere kabla ya kufundisha Tabora, na alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 aende kwenye siasa, cheo alichobaki nacho mpaka kaburini ni hicho cha darasani. Sidai digrii ifutwe. Nadai ifanane na kazi yenyewe.

Naomba mambo manne, na nayaomba kwa majina.

Kwanza, uongozi wa kitivo utenge siku moja ya wiki ya kwanza kuwaeleza wanafunzi wapya ukweli wa ajira: usaili ukoje, masomo gani yana upungufu mkubwa wa walimu, mwajiri binafsi anatafuta nini, na kwamba ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kurudisha mkopo. Mtu aliyeambiwa ukweli akaendelea, huyo atafundisha kwa moyo.

Pili, kuwe na kozi ya lugha darasani. Semista moja tu, ifundishwe kwa kushirikiana na walimu wa sekondari waliopo kazini, wale wenye mbinu za pembeni mwa ubao. Walipwe kwa kazi hiyo.

Tatu, BTP isipimwe kwa ziara moja. Mwalimu mwenyeji ambaye ananiona kila siku apewe sehemu kubwa ya alama zangu, na wanafunzi niliowafundisha waulizwe wameelewa nini. Steshenari haiuzi majibu ya wanafunzi.

Nne, serikali yetu ya wanafunzi. Kila kampeni tunaahidiwa bumu kuwahi na maji hosteli. Ni sawa, tunahitaji maji. Lakini waziri wa elimu wa serikali hiyo ana kazi gani kama hajawahi kuitisha mdahalo hata mmoja kuhusu tunachofundishwa? Auitishe kabla ya UE za semista hii, wahadhiri waalikwe, na wana Education wa mwaka wa kwanza wakae mbele.

Mwenyewe nitafanyaje? Nikimaliza nitaingia kwenye mfumo niombe kama wenzangu laki mbili. Nikisubiri nitapiga tempo, hata kwa posho ya nauli na chakula cha mchana, kwa sababu nikikaa mwaka mzima bila darasa nitasahau. Mjomba akiniuliza kama ushauri wake ulikuwa mzuri nitamwambia ukweli: kuhusu ajira, mambo yamebadilika, mjomba. Kuhusu kazi yenyewe, ahsante.

Nawe unayesoma hili ukiwa na mdogo wako anayejaza fomu za vyuo mwaka huu, usimwambie ualimu ni wa waliokosa, wala usimwambie mwalimu halali njaa. Mpeleke kwanza akae wiki moja kwenye shule ya kata, ya watoto 94, awasaidie hata kusahihisha madaftari. Akirudi anaongea habari za watoto, ajaze ualimu. Akirudi anaongea vumbi na joto tu, amwachie nafasi mwenzake. Na mwenye hoja ya kunipinga aandike toleo lijalo, nitaisoma yote.